Kabla Hujafunga Begi la Dire Dawa, Funga Kwanza Makubaliano



Leo nazungumza na bi harusi mtarajiwa ambaye posa imeshajibiwa, mahari imeshatajwa, tarehe inatafutwa, na katikati ya furaha hiyo mchumba akasema, "Mkataba wangu ni wa Ethiopia. Tukishaoana tutakaa Dire Dawa." Nazungumza pia na yule aliyekwisha kuolewa ambaye mumewe kapata kazi huko, na yule ambaye kazi kaipata yeye mwenyewe.

Wote hao huulizwa na jamaa maswali yale yale. Utakula nini kule? Utasali wapi? Utavaa vipi? Si kuna vita? Mimi nimekaa na kufanya kazi Dire Dawa miaka miwili, kwenye mradi wa lishe ya mama na mtoto, na nitayajibu hapa chini. Lakini rai yangu naitoa mapema tusizungushane: hayo siyo maswali makubwa. Chakula, sala na mavazi, Dire Dawa vitakuja kwa wepesi usioutarajia. Linalowachosha wanawake wetu kule ni lile ambalo siku ya posa hakuna anayelitaja: kule wewe utakuwa nani kwa mujibu wa sheria, utafanya nini tangu asubuhi mpaka jioni, na pesa ya mkononi mwako itatoka wapi. Nasema hilo liulizwe na lijibiwe kabla ya ndoa, walii akisikia. Lisingoje mpaka fungate iishe.

MJI WENYEWE

Sisi tukisikia Ethiopia tunawaza Addis Ababa, baridi na makanisa. Dire Dawa ni kitu kingine. Mji huu ulizaliwa mwaka 1902 kwa sababu ya reli. Wafaransa walikuwa wakijenga njia ya treni kutoka Djibouti, ikashindwa kupanda milima kwenda Harar, basi kituo kikajengwa chini ya mlima na mji ukaota pale pale. Mpaka leo umegawanyika pande mbili na bonde la mto Dechatu, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Upande mmoja ni Kezira, mitaa iliyonyooka na miti ya kivuli. Upande wa pili ni Megala, soko na vichochoro, na ukiingia humo na kapu lako utajikuta unatembea kama uko Darajani.

Si mji mkubwa. Sensa ya 2007 ilihesabu kiasi cha watu 341,000 katika eneo lote la utawala wa Dire Dawa, na takriban 7 katika kila 10 walikuwa Waislamu. Waoromo, Wasomali, Waamhara na Waharari wanaishi mtaa mmoja, na muuza nyanya anaweza kubadilisha lugha tatu kabla hajakurudishia chenji. Wageni huletwa na kazi: viwanda vya nguo na saruji, bandari kavu, vyuo vikuu vya Dire Dawa na Haramaya, reli mpya ya Addis hadi Djibouti iliyoanza biashara Januari 2018, na mashirika ya misaada. Kwa ndege kutoka Addis ni kama saa moja.

Suala la vita lisipuuzwe wala lisikuzwe. Vita vya Tigray vilianza Novemba 2020 na mkataba wa amani ukatiwa saini Pretoria Novemba 2022. Amhara kumekuwa na mapigano tangu 2023, na sehemu za Oromia hazijatulia. Dire Dawa iko mashariki, mbali na kaskazini huko, ingawa nayo imewahi kuona fujo za kikabila. Kanuni ya wageni wengi ni nyepesi: ndani ya mji ishi kawaida, na safari ndefu nenda kwa ndege.

YALIYO MEPESI

La kwanza ni saa. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, tangu alfajiri. Mgeni wa Ulaya au India akiambiwa mkutano ni saa tatu, anaweza kutokea saa tisa alasiri, watu wameshamaliza. Wewe utafika saa tatu asubuhi bila kuambiwa mara mbili. Ila kalenda yao ni nyingine: miezi 13, mwaka mpya huanza Septemba 11 (au 12), na hesabu ya miaka iko nyuma ya ile tuliyozoea kwa miaka 7 au 8. Hili si la kuchekea tu. Mkataba wa nyumba, kibali na kadi ya chanjo ya mtoto vinaweza kuandikwa kwa tarehe yao. Kila karatasi, omba iwe na tarehe zote mbili.

La pili ni chakula. Nyama haina kubahatisha. Waislamu wana bucha zao na Wakristo wana zao, na kila upande unaheshimu hilo kiasi kwamba Mkristo naye hali chinjo letu. Ukisafiri kwenda mji wenye Waislamu wachache, kumbuka kwamba Waorthodoksi hufunga Jumatano na Ijumaa na majuma mengi ya Kwaresma, na saumu yao haina nyama, maziwa wala mayai. Hotelini ulizia chakula cha saumu: utaletewa sinia ya injera yenye dengu, mboga na shiro, na utakula moyo ukiwa mtulivu. Dire Dawa kwenyewe sambusa inaitwa sambusa. Waharari wana mchuzi wa uwatu, uwatu huu huu tunaowapa wazazi wetu. Maziwa ya ngamia utazoea au hutazoea, hiyo ni baina yako na tumbo lako.

Kahawa ni somo peke yake. Hukaangwa mbele yako, ikatwangwa, ikapikwa, na mkaa wa ubani ukiwa pembeni. Hunywewa duru tatu: ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu jina lake baraka. Ukiondoka kabla ya baraka umeondoka kabla ya mazungumzo yenyewe. Mengi niliyojua kuhusu mtaa, nani ana mgonjwa, nyumba gani inapangishwa, bei gani ni ya mgeni na gani ya mwenyeji, niliyapata kwenye kikombe cha tatu.

La tatu ni mavazi. Wasomali wana dirac yao, na ukiiona utasema hili si dera letu? Ndilo. Abaya, baibui, mtandio, vyote utaviona sokoni na hakuna atakayekugeukia. Sikukuu mbili za Idi ni mapumziko ya taifa zima, na Maulidi pia. Lakini sizungumzii Ethiopia yote. Mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025 wasichana wa Kiislamu mjini Axum walizuiwa skuli kwa sababu ya hijabu, na suala likafika mahakamani. Kwa hiyo usiulize tu "Ethiopia kukoje?" Uliza mji gani. Dire Dawa, Harar na Jimma ni pengine, na Axum ni pengine.

Na Harar, mashoga zangu, iko kilomita 50 hivi tu juu ya mlima. Ndani ya ukuta wake wa kale kuna misikiti 82, na UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 2006. Ukiingizwa nyumba ya Kiharari utaona mabaraza ya kukalia yamepandiana kama ngazi na ukuta mzima umejaa vikapu vya kusuka. Juu ya mlango likiwekwa zulia lililokunjwa, ni ishara kwamba ndani kuna binti wa kuozwa. Pembeni kuna kichumba kidogo ambamo zamani maharusi walikaa siku zao za mwanzo, chakula wakipitishiwa. Ni fungate yetu ile ile, kwa ukuta mwingine.

KINACHOCHOSHA

Sasa tuje kwenye uzito wa mambo.

Nilimjua dada mmoja wa pwani, mkunga kwa kazi yake. Mumewe alipata mkataba mzuri, nyumba yao ilikuwa Kezira, ina bustani na mti wa muembe. Mume alitoka saa moja asubuhi na kurudi magharibi. Mwezi wa kwanza dada alipika kila alichokijua. Mwezi wa pili alisafisha vilivyokuwa tayari visafi. Mwezi wa tatu alianza kulala mchana. Mume hakuwa mbaya hata kidogo, kila alichoombwa alitoa. Na tatizo lilikuwa hapo hapo: kila kitu aliomba. Mwanamke aliyekuwa anapokea mshahara wake na kumtumia mama yake kila mwezi, sasa anaomba pesa ya pedi. Hakuna aliyemkosea, ila hakuna aliyemuuliza pia.

Alitaka kufanya kazi. Ndipo akajua sheria. Ethiopia, kibali cha ukaazi anachopewa mke kwa kumfuata mume hakimpi ruhusa ya kuajiriwa. Kibali cha kazi ni kitu mbali, huombwa na mwajiri kwa jina lako na kwa kazi maalumu. Sheria ya kazi ya mwaka 2019 inasema hutolewa kwa miaka mitatu na huhuishwa kila mwaka, na shabaha ni kuleta ujuzi usiopatikana nchini na kumfundisha mwenyeji aje ashike nafasi. Nchi yenye wakunga wake haina sababu ya kuharakia mkunga mgeni. Si chuki, ndivyo nchi nyingi zinavyolinda vijana wao, na sisi pia Zanzibar tunafanya hivyo.

"Basi nitauza madera na udi nyumbani." Hili nimelisikia mara nyingi, na ni fikra ya mwanamke hodari. Lakini mgeni akitaka kufanya biashara Ethiopia huhesabika mwekezaji, na sheria ya uwekezaji ya mwaka 2020 inamtaka, kwa kawaida, awe na mtaji usiopungua dola 200,000 kwa mradi mmoja. Begi la madera halifiki huko. Na kuuza kwa kificho katika nchi ya watu, ilhali kibali cha mumeo ndicho kinachokulinda, ni kuweka riziki ya nyumba nzima rehani.

Halafu kuna pesa yenyewe. Mwisho wa Julai 2024 serikali iliiachia birr ijipangie bei sokoni. Kabla ya hapo dola moja ilikuwa kama birr 57, na baada ya miezi michache ilipita 100. Aliyekuwa akilipwa kwa birr na ana wazazi wa kuwatumia Unguja, mshahara wake ulikatika nusu bila kufukuzwa kazi. Kwa hiyo ukiambiwa "mshahara ni mkubwa", swali la pili ni, "kwa sarafu gani?" Kuhusu riba, habari ni njema kuliko zamani. Tangu 2021 zipo benki zisizo na riba kabisa, ZamZam na Hijra, na benki nyingine nazo zina madirisha ya aina hiyo.

Upweke nao una sababu zake za kawaida. Kiamhara kina herufi zake, hutasoma hata kibao cha duka. Intaneti imewahi kuzimwa nchi nzima, kama mwisho wa Juni 2020 kwa wiki kadhaa, na bi harusi ambaye mama yake ni sauti ya simuni hukatikiwa na mama. Mchana mji hupungua mwendo, joto limepanda na wanaume wengi wamekaa na mirungi yao. Mchumba wako kama ana uzoefu na mirungi, ujue anakwenda inakolimwa.

Na kwa mwenye matarajio ya mtoto: Dire Dawa ni mji wa mbu wa mchana na wa usiku. Homa ya dengue ililipuka 2013, chikungunya 2019 ikaugua mitaa kwa mitaa, na 2022 malaria ilipanda kwa sababu ya mbu mgeni anayezaliana kwenye matangi ya maji ya mjini. Chandarua peke yake hakitoshi, tangi la nyumbani lifunikwe. Na nyumba msipange kwenye kingo za Dechatu kwa kuvutiwa na bei. Mto ule mkavu uliua zaidi ya watu 200 kwa usiku mmoja wa mafuriko, Agosti 2006.

MASWALI YA SIKU YA POSA

Sisemi usiende. Nasema nenda umeshajibiwa. Haya ndiyo ningependa kila bi harusi, au walii wake kwa niaba yake, ayaweke mezani pamoja na mahari.

Kwanza, nitaingia kwa kibali gani, na nani atakishughulikia? Kama nina fani, je, kuna mwajiri aliyekubali kuniombea kibali changu, au ni matumaini tu? "Tukifika tutaona" si jibu. Ukishafika kwa kibali cha kumfuata mume, mlango wa kazi ni mwembamba zaidi.

Pili, vyeti. Cheti cha ndoa, vya kuzaliwa na vya taaluma vithibitishwe nyumbani kwanza, kwenye wizara zetu na kwenye ubalozi wa Ethiopia uliopo Dar es Salaam. Kuvishughulikia ukiwa mbali ni kumsumbua kaka yako miezi mitatu.

Tatu, masurufu yangu. Sizungumzii pesa ya sokoni. Nazungumzia kiasi kinachojulikana, cha kila mwezi, kilicho changu, nisichokitolea maelezo. Kama nilikuwa nikiwatumia wazazi wangu na sasa nimeacha kazi kwa ajili ya safari hii, wao wamo katika hesabu au hawamo?

Nne, pasipoti yangu inakaa kwangu, na nauli ya kurudi nyumbani angalau mara moja kwa mwaka inajulikana nani anailipa.

Tano, nikipata uja uzito nitajifungulia wapi? Dire Dawa, Addis au nyumbani kwa mama? Kwa aliyeajiriwa kule, sheria ya kazi inampa likizo ya uzazi ya siku 120 zenye malipo, 30 kabla na 90 baada ya kujifungua, na baba anapewa siku 3. Siku 3, mashoga zangu. Huyo ndiye mtu pekee unayemjua mji mzima.

Sita, mpaka lini? Safari isiyo na mwisho uliotajwa humkalisha mtu juu ya begi miaka kumi.

"MKE HUMFUATA MUMEWE"

Najua watakaosema haya ni maneno ya kileo. Bibi zetu walifungwa mizigo wakapandishwa jahazi, wakaenda Lamu, Muscat na Ngazija, wala hawakuuliza masurufu. Na wapo masomo na makungwi watakaokwambia kwamba masharti mapema ni nuksi, yanamtia mchumba wasiwasi.

Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Bibi aliyepandishwa jahazi kwenda Lamu alikuta Kiswahili, akakuta shangazi, akakuta biashara ya kushona kofia au kupika mikate ambayo hakuna ofisi iliyomuuliza kibali. Aliondoka kwao, ila hakuondolewa mikono yake. Leo mke anahama kwa viza, na viza imemwandika kwamba yeye ni mtu wa fulani na haruhusiwi kazi. Jambo limebadilika, na nasaha nazo zibadilike.

Na dini haikuyaita masharti nuksi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba masharti ya ndoa ndiyo yanayostahiki kutimizwa kuliko masharti mengine. Wanazuoni wametofautiana katika undani wake. Kwa mfano, sharti la mke kutohamishwa mji wake, Hanbali wanamfunga nalo mume, na akilivunja mke ana haki ya kuvunja ndoa. Kwetu sisi Mashafi halina nguvu hiyo. Kwa hiyo muulize sheikh wako kabla hujaandika chochote. Lakini tofauti hiyo kwangu ndiyo inayozidisha haja ya kusema mapema. Kama karatasi haitakulinda, basi kilichobaki ni neno la muungwana mbele ya walii na mashahidi, na neno hilo haliwezi kutimizwa kama halikusemwa.

Wapo pia watakaosema mchumba ataogopa. Mchumba anayeogopa maswali sita sebuleni, akiwa kazungukwa na ami na wajomba zako, utamuuliza vipi mkiwa wawili tu Kezira?

KWA MWENYE MKATABA WAKE

Wewe ambaye kazi ni yako, hali yako ni nzuri zaidi, ila una mawili ya kuangalia. Kwanza, kibali chako kimefungwa kwa mwajiri wako. Ukimaliza naye, kibali nacho kimekwisha, kwa hiyo weka akiba ya nauli na miezi kadhaa ya kuishi. Suala la kusafiri bila mahram ni la wewe, wazee wako na sheikh wenu, sitalipitishia hukumu hapa.

Pili, utaajiri dada wa kazi, kama walivyo wageni wengi. Sheria ya kazi ya Ethiopia haiwahusu watumishi wa majumbani, na kima cha chini cha mshahara kwa sekta binafsi hakipo. Maana yake ni kwamba haki ya huyo dada itakuwa ni ile uliyonayo wewe kifuani. Wasichana wa Ethiopia wanakwenda Uarabuni kwa kazi za ndani kama wanavyokwenda wa kwetu, na sote tumesikia vilio vyao. Usiwe wewe ndiye Uarabuni wake. Andikianeni saa za kazi, siku ya mapumziko na mshahara, na mlipe kabla jasho halijakauka.

HABASHA NA WANAWAKE WAKE

Jina la nchi hii tumelisikia tangu madrasa. Kwenye mwaka wa tano wa utume, kama mwaka 615, masahaba walivuka bahari wakakimbilia Habasha kwa mfalme Najashi, na miongoni mwao walikuwemo wanawake: Bi Ruqayya binti wa Mtume, Ummu Salama, Ummu Habiba, Asmaa bint Umays. Ummu Habiba alikwenda na mume, mume akafia huko huko, akabaki mgeni na binti yake mpaka Mtume alipomposa naye akiwa bado Habasha, na Najashi akatoa mahari.

Asmaa alizaa huko na akakaa miaka mingi. Aliporudi, Sayyidna Umar alimwambia kwamba wao waliohamia Madina wana haki zaidi kwa Mtume. Asmaa alikasirika. Hakunyamaza akasema mimi nilimfuata Jaafar tu. Aliipeleka kauli hiyo kwa Mtume mwenyewe, na Mtume akamjibu kwamba wao watu wa jahazi wana hijra mbili. Alikuwa kamfuata mume, ndiyo. Lakini safari ilikuwa yake pia, na hesabu yake aliidai.

Mkunga niliyemtaja alirudi Unguja baada ya mwaka na nusu, yuko wodini anazalisha. Mume yuko kule anamalizia mkataba, wanaonana kwa likizo. Ndoa ipo, alhamdulillah, lakini mwaka na nusu ule waliulipa wote wawili, kwa mazungumzo ambayo yangewatosha jioni moja sebuleni kwa baba yake.

Basi bi harusi, chukua udi wako, chukua liwa, na nafasi ikibaki chukua karafuu, watazipenda kwenye chai. Dire Dawa ni mji mwema na watu wake wakarimu. Nenda ukijua unakwenda kuwa nani.

Mwenyezi Mungu awajaalie ndoa zenye mapenzi na huruma, popote mtakapotandika mkeka wenu. Amin.